Bakuli na mkeka: kumlisha mtoto wa mwaka mmoja ndani ya chumba na sebule

Mtoto anafumba mdomo, anageuza uso, na kijiko cha uji kinabaki hewani. Mzazi yeyote wa mtoto aliyeanza kusimama dede anaujua mkao huo. Kwetu ulianza binti yetu alipofikisha mwaka na mwezi mmoja, ukadumu karibu miezi sita. Ndani ya miezi hiyo tulifanya makosa yaliyotugharimu fedha na usingizi, na kibaya zaidi yakamfanya mtoto aliogope bakuli lake mwenyewe. Tunaishi Temeke, chumba na sebule, jiko liko koridoni. Mengi tuliyojifunza yanahusu chakula, lakini nusu ya dawa ilikuwa sakafuni, kwenye nafasi ya kucheza ambayo mtoto hakuwa nayo.

Alizaliwa na kilo 3.1. Alipotimiza mwaka alikuwa na kilo 9.3, yaani mara tatu, kama inavyotarajiwa. Tukadhani ataendelea kwa kasi ileile. Hatukujua kwamba katika mwaka wa pili mtoto huongeza kilo 2 hadi 3 tu kwa mwaka mzima, na kwamba hamu ya kula hupungua kwa sababu mwili wenyewe umepunguza mwendo. Mtoto aliyekuwa akimaliza bakuli akiwa na miezi 10 anaweza kula nusu yake akiwa na miezi 14, na akawa mzima kabisa. Sisi tuliona ugonjwa. Majirani wakaanza maneno ya kubemendwa, bibi yake akawa anapiga simu kutoka Tanga kila jioni kuuliza mjukuu amekula nini, na shinikizo lote hilo likaishia mdomoni mwa mtoto.

Tulimlazimisha. Mmoja anamshika mikono, mwingine anamimina uji kwa kiganja, na kuna siku mbili tulimbana pua ili afungue mdomo. Usifanye hivyo hata mara moja. Mtoto anayelia huvuta pumzi kwa nguvu, na uji ulio mdomoni unaweza kwenda njia ya hewa badala ya tumboni. Hapo atapaliwa, na ukifika mapafuni huweza kuleta nimonia. Hata asipopaliwa, anajifunza kwamba chakula ni ugomvi. Baada ya wiki mbili alikuwa akiliona tu lile bakuli la bluu anaanza kulia, hata likiwa tupu.

Tukahamia kwenye simu. Ukimwekea katuni anafungua mdomo bila kuangalia, bakuli linakwisha, kila mtu anapumua. Ilifanya kazi kama wiki tatu. Kisha umeme ukakatika jioni moja, simu ikaisha chaji, na hakula hata kijiko. Alikuwa hajui kutafuna bila picha, wala hajui ameshiba saa ngapi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja asiketishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Kumwachisha kulituchukua siku tano, tatu za kwanza zikiwa ngumu sana. Anayefikiria kuanza ajue kuna siku ya kuacha.

Kosa la tatu lilitoka duka la dawa: tulinunua chupa tatu za dawa ya hamu ya kula bila kumwona daktari. Nyingi ya dawa hizo zina siproheptadini, ambayo kwa asili ni dawa ya mzio na inaleta usingizi. Mtoto alilala mchana kutwa, tukasema ametulia. Kumbe alikuwa anasinzia, na mtoto anayesinzia hachezi, na asiyecheza hasikii njaa.

Aliyetutoa gizani ni nesi wa kliniki, na alianza na jambo dogo: tuandike kila kinachoingia mdomoni kwa mtoto tangu alfajiri mpaka usiku, kwa siku tatu, hata tone. Orodha ilitushtua. Asubuhi kikombe cha chai ya maziwa na biskuti nne. Saa 4 maziwa ya ng'ombe mililita 250. Juisi ya boksi. Kipande cha andazi kutoka kwa jirani. Maziwa tena saa 8, mengine usiku, na kunyonya kila alipolia. Maziwa ya ng'ombe peke yake yalifika robo tatu ya lita kwa siku. Huyu mtoto tuliyekuwa tukilia kwamba hali, alikuwa ameshiba!

Sababu zake ni za kawaida, na kila mzazi anafaa azijue. Maziwa ya ng'ombe yana madini chuma kidogo sana, na yakizidi nusu lita kwa siku kwa mtoto wa umri huu yanachukua nafasi ya chakula. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, ina kitu kinachoyashika madini chuma tumboni yasiingie mwilini. Binti yetu alipimwa damu ikaonekana 9.8, chini ya kiwango, na upungufu wa damu wenyewe hupunguza hamu ya kula. Akapewa dawa ya madini chuma kwa kipimo cha uzito wake. Mkono wake ulipopimwa kwa utepe ulikuwa sentimita 13.2, kwa hiyo hakuwa na utapiamlo wa kukonda. Chini ya 12.5 ndiyo hali ya hatari, na chini ya 11.5 ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Utepe huo hupatikana kliniki na kupima hakuzidi dakika moja. Omba upimiwe.

Tulianza upya na saa. Uji saa 1 asubuhi, tunda saa 4, chakula cha mchana saa 6 na nusu, kitu kidogo saa 10 (kiazi kitamu kilichochemshwa, yai, au parachichi), chakula cha jioni saa 12 na nusu. Katikati ni maji tu. Kunyonya tukakuweka baada ya kula na wakati wa kulala. Maziwa ya ng'ombe kikombe kimoja kwa siku, chai hakuna. Milo mitatu na vitafunwa viwili inatosha kwa umri huu, na kila mlo ni kati ya robo tatu na kikombe kizima cha mililita 250. Tulipopima kwa kikombe tuligundua bakuli la bluu lilikuwa linabeba karibu mara mbili ya kiasi hicho. Tulikuwa tunamdai mtoto amalize chakula cha watoto wawili.

Siku nne za kwanza alilia saa 3 asubuhi akitaka biskuti. Hapo ndipo nyumba nyingi hurudi nyuma, hasa kama kuna dada wa kazi ambaye hajaelezwa sababu, au babu mwenye pipi mfukoni. Kaeni wote mkubaliane kwanza, na jirani naye aombwe kwa heshima. Siku ya tano alifika kwenye mlo akiwa na njaa ya kweli, kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Sasa uji wenyewe. Tulikuwa tunapika nusu lita ya maji kwa vijiko vikubwa vitatu vya unga, uji unaoteleza kama maji ya mchele. Tumbo la mtoto wa kilo 10 linabeba kama mililita 300 kwa mara moja. Ukilijaza uji wa namna hiyo umelijaza maji. Uji wa mtoto unatakiwa ukae juu ya kijiko bila kudondoka. Kipimo kinachotufaa ni kikombe kimoja cha maji cha mililita 250 kwa vijiko vikubwa vinne vya unga. Unatoka mzito karibu na ugali laini, na hapo ndipo kimea kinapohitajika.

Kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ni ujuzi wa siku nyingi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilikuwa ikikieneza tangu miaka ya 1980, lakini mijini kimesahaulika. Osha nusu kilo ya ulezi, loweka usiku mmoja, mwaga maji, tandaza na ufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku 2 hadi 3, ukinyunyizia maji asubuhi na jioni. Chipukizi zikionekana vizuri, anika juani mpaka zikauke kabisa, kisha saga. Ukiona ukungu au harufu ya uvundo, tupa zote. Ukitumia mtama badala ya ulezi, lazima uusugue chipukizi na mizizi vyote vitoke kabla ya kusaga, maana chipukizi za mtama zina sumu ya sianidi.

Uji mzito ukishaiva, epua, usubiri dakika kama 10 upoe kidogo, kisha tia kijiko kidogo kimoja cha kimea na ukoroge. Mwiko unaokuwa umesimama wenyewe sufuriani unaanza kulala, uji unalegea, unang'aa, unakuwa mtamu kidogo bila sukari. Unga haujapungua hata chembe. Rudisha jikoni uchemke tena dakika 2 au 3 ili kuua vijidudu. Mara mbili za kwanza hakikufanya kazi kwa sababu tulikitia uji ukiwa unatokota: kimeng'enya, yaani kile kitu ndani ya kimea kinacholegeza uji, hufa kwa moto mkali, na uji hubaki mzito vilevile.

Kuhusu unga wa lishe wa madukani wenye nafaka saba na kuendelea, tuliuacha. Nafaka nyingi hazimwongezei mtoto chochote. Anachohitaji ni nafaka moja na jamii moja ya kunde, sehemu tatu kwa moja. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa humsumbua mtoto tumbo. Karanga zikisagwa pamoja na unga, mafuta yake huuchachisha unga baada ya wiki chache. Sisi tunasaga karanga peke yake, kidogo kidogo, na tunatia kijiko kimoja kikubwa uji ukikaribia kuiva. Zichambue kwa mkono: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani kwao.

Dagaa ndio walioturudishia damu, pamoja na ile dawa. Tunaondoa mchanga kwa kuwaosha maji ya moto mara mbili, tunawakausha, tunawakaanga bila mafuta mpaka wavunjike, tunatwanga na kuchekecha. Kijiko kidogo kwenye maharage yaliyopondwa au kwenye mtori, na ndimu matone machache juu, kwa sababu ndimu, chungwa au papai husaidia madini chuma ya mboga na kunde kuingia mwilini.

Kilichobaki ni namna ya kulisha, na kanuni yake ni fupi: sisi tunaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, yeye anaamua kiasi. Ana bakuli lake dogo, si sinia la pamoja, maana kwenye sinia mtoto mdogo huachwa nyuma na wala huwezi kujua amekula kiasi gani. Vijiko viwili, kimoja mkononi mwake, kimoja kwetu. Chini tunatandika kanga kuukuu. Mlo haupiti dakika 30. Akigeuza uso mara mbili tunatoa bakuli bila maneno na bila biskuti ya kufidia. Alichobakiza hakiwekwi mpaka jioni, kwa sababu kijiko kilichotoka mdomoni kimeshakitia mate na kinaharibika upesi kwa joto la Dar es Salaam. Chakula kigeni tunaweka kiasi cha ncha ya kijiko pembeni na hatukisemi. Mchicha aliukataa mara tisa tulizohesabu.

Mara ya kumi ilikuja kwa njia ya mchezo, na hapo turudi sakafuni.

Sebule yetu ni futi 10 kwa 12. Ilikuwa na makochi matatu, meza ya kioo katikati, kabati la TV na friji. Nafasi iliyobaki ilikuwa ujia wa futi mbili. Mtoto alishinda mgongoni au kwenye kochi. Mwongozo ule wa 2019 unataka mtoto wa umri huu ajongee kwa jumla ya dakika 180 kwa siku, na asifungwe mgongoni au kuketishwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Wetu hakufika hata dakika 60. Tuliuza meza ya kioo na kochi moja la mtu mmoja, tukapata shilingi 110,000. Katika hizo, 18,000 zilikwenda kwenye mkeka wa plastiki na 35,000 kwa seremala wa mtaani aliyetutengenezea meza ya urefu wa sentimita 40 na kigoda cha sentimita 20. Vipimo hivyo vina maana yake: mtoto akikaa, nyayo zote mbili zinakanyaga chini. Miguu ikining'inia mwili hautulii, na mtoto asiyetulia hatafuni vizuri. Kiti kirefu cha plastiki tulichokuwa tumenunua kwa 85,000 kimekaa juu ya kabati mpaka leo.

Kabla ya kutandika mkeka, piga magoti utambae chumba kizima. Ukiwa chini unaona visivyoonekana ukiwa umesimama: ekstensheni nyuma ya friji, betri ndogo ya duara iliyodondoka kutoka kwenye rimoti (ikimezwa inachoma koo ndani ya saa chache, ni dharura ya kukimbilia hospitali), kona za kabati, TV inayotikisika. TV tuliifunga ukutani kwa skrubu. Mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda tuliyatoa nyumbani kabisa. Mtoto akiyanywa usimtapishe, mpeleke hospitali hivyohivyo. Mbuzi ya nazi inaning'inia kwenye msumari juu. Ndoo zote zina mifuniko, kwa sababu mtoto huyu kichwa chake ni kizito, akiinamia ndoo anatumbukia na hawezi kujitoa, hata maji yakiwa kidogo.

Kitambaa cha mezani hatukukifikiria. Siku moja alikivuta ili asimame, chupa ya chai ikaja nacho ikapasukia sentimita chache kutoka mguuni kwake. Hakuungua. Tangu siku hiyo hakuna kitambaa, na chai hainyweki mtoto akiwa amepakatwa. Akiungua, dawa ni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno, si yai, si barafu.

Vitu vya kuchezea havikutugharimu. Sufuria mbili na mwiko. Katoni ya friji iliyotobolewa pande mbili akawa anapita katikati. Mpira wa soksi. Chupa ya nusu lita yenye maharage ndani, kifuniko kimegundishwa kwa gundi na kuzungushiwa utepe, tunaikagua kila Jumapili kama imepasuka. Kopo la maziwa lililochanwa juu ili atumbukize vifuniko: hapa tulikosea kumpa vifuniko vya soda, ambavyo vinaenea kabisa kooni. Chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha karatasi ya chooni ni kidogo mno. Tunatumia vifuniko vya mitungi ya siagi ya karanga. Vitu vitano tu ndivyo vinakaa mkekani, vingine vinafichwa, na kila wiki tunabadilisha. Vikiwa kumi na tano anavitawanya na hachezi na hata kimoja. Beseni la maji ni mchezo anaoupenda kuliko yote, lakini mtu mzima haondoki, hata kufungua mlango, na maji yanamwagwa palepale akimaliza.

Mchezo una saa yake pia. Anacheza kwa nguvu nje kibarazani kuanzia saa 4 na nusu mpaka saa 6, kisha robo saa ya vitu vya utulivu, kunawa, kula. Mwanzoni tulimtoa kwenye mchezo moja kwa moja tukamketisha mezani, akalia kila siku. Ile robo saa ndiyo iliyomaliza vilio.

Na mchicha? Tulianza kumkalisha karibu wakati wa kuchambua. Anashika bua kwa vidole viwili, anachomoa jani, analitazama mgongo na tumbo, analiweka kwenye ungo, anachukua jingine. Majani manne yanamchukua muda ambao mtu mzima anamaliza fungu zima. Mchana ule alipoyaona bakulini yakiwa yamepikwa kwa tui, alichota mwenyewe. Tangu hapo tunampa kazi: kuvunja bamia kwa mkono, kuponda kiazi kwa uma butu, kupanga vitunguu.

Usimpe vya kumkaba: karanga nzima, bisi, pipi, karoti mbichi, mahindi ya kuchoma, soseji iliyokatwa duara. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu. Ale akiwa ameketi, asikimbie na kitu mdomoni. Akikabwa na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega; kisipotoka, kwa mtoto aliyevuka mwaka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, sukuma ndani na juu mara 5, urudie yote mawili kwa zamu huku mwingine akitafuta usafiri. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona. Dada wa kazi ajifunze hili kabla ya kujifunza jambo jingine lolote.

Mwezi wa Juni alipata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kliniki, atapata tena Desemba. Akiwa na miezi 19 alikuwa na kilo 10.6, damu 11.4. Jana mchana alikula nusu ya bakuli, akaweka kijiko chini, akarudi mkekani kwenye katoni yake, na hakuna aliyemfuata. Maini bado anayakataa. Kila Jumamosi tunaweka kipande kimoja pembeni, kidogo kama punje ya harage.